Neno ‘historia’: Huku linazika jambo, kule linadai kitambulisho

MWANASIASA anayetaka kupigiwa makofi jukwaani, awe Mwanza, Mombasa au Goma, ana maneno ambayo hayamwangushi: shida ya maji itakuwa historia. Uchaguzi ujao atasema hivyohivyo kuhusu barabara ya vumbi, mgao wa umeme au foleni za asubuhi. Wasikilizaji humwelewa bila kufungua kamusi. Kuwa historia ni kwisha, kutoweka, kutomsumbua mtu tena.

Msikilizaji huyohuyo akitoka mkutanoni na kupitia zahanati, atakutana na neno lilelile likifanya kazi nyingine. Daktari atauliza historia ya ugonjwa: homa ilianza lini, dawa gani imeshatumika, nani mwingine nyumbani aliwahi kuugua hivyo. Akienda benki kuomba mkopo, wataangalia historia yake ya ulipaji. Kijana wake akipeleka posa, wazee wa upande wa pili watachunguza kimyakimya historia ya ukoo. Polisi wakimkamata, watatafuta kama ana historia ya uhalifu. Katika shughuli zote hizo, historia si kitu kilichokwisha. Inaulizwa kwa sababu yaliyopita yanadhaniwa bado yapo, ama ndani ya damu, ama kwenye daftari la benki, ama katika tabia ya mtu.

Msibani nako husomwa historia fupi ya marehemu, ingawa Watanzania wengi siku hizi husema wasifu. Ni karatasi moja au mbili: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha mke au wake, watoto na wajukuu wangapi. Ukiisikiliza haraka utadhani ni desturi tu. Lakini mtoto ambaye jina lake halikusomwa mbele ya waombolezaji anajua maana yake, na wanaogawa shamba wanajua pia. Ugomvi mwingi wa mirathi huanzia kwenye karatasi ile, kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Kwenye michezo, neno hili limepata kitenzi chake cha kudumu, nacho ni kuandika. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na wakimbiaji wa kumsaidia kasi walikuwa wakipokezana njiani. Hilo halikuwazuia watangazaji na wahariri wa ukanda huu kusema kwamba Mkenya huyo ameandika historia. Rekodi ina masharti na maofisa wake. Historia, katika lugha ya mashabiki, inatosha watu wengi waione na wakubaliane kuwa haijawahi kutokea.

Kwa hiyo neno moja linabeba mizigo inayogongana: kilichokwisha, kinachoendelea, kinachohesabiwa na kinachosahauliwa. Wasomi wa lugha wanaweza kuridhika kuorodhesha maana hizo. Kwa baadhi ya wakazi wa Afrika Mashariki, tofauti kati ya maana moja na nyingine ndiyo tofauti ya kuwa raia na kutokuwa raia.

Iliyokuwa historia ikarudi

Maana ya jukwaani inastahili kutiliwa shaka kwanza, na mfano ulio karibu zaidi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala Juni 1967, ukaanza kazi Desemba 1 mwaka huo. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli, moja la ndege, moja la bandari, moja la posta na simu. Mwaka 1977 yote yakavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, mabehewa na ndege zikabaki kwa kila aliyezikuta upande wake.

Kama kuna kitu kilichostahili kuitwa historia kwa lugha ya mwanasiasa, ni hicho. Lakini madeni hayakukubali kuzikwa. Ilichukua miaka ya mazungumzo chini ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, hadi nchi tatu zikakubaliana mwaka 1984 jinsi ya kugawana mali na madeni, na katika makubaliano hayohayo zikaacha mlango wazi wa kushirikiana tena. Mlango huo ndio uliopitiwa na mkataba mpya uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 7, 2000. Leo Jumuiya ina wanachama wanane.

Wapo waliolipia tafsiri ya kuzika. Nchini Tanzania, wafanyakazi wa Jumuiya ya zamani, makarani, mafundi wa reli na wahudumu wa posta, waliendelea kudai mafao yao mahakamani na barabarani hata baada ya Jumuiya mpya kufungua ofisi zake. Kwa serikali, mwajiri wao alikuwa amekufa zamani. Kwao, miaka waliyofanya kazi ilikuwa bado haijalipwa.

Kabla ya historia kulikuwa na habari

Neno lenyewe si la siku nyingi sana katika Kiswahili. Asili yake ni Kigiriki, na huko mwanzo lilimaanisha uchunguzi, yaani kuuliza na kutoa majibu ya ulichokipata. Herodotus alilitumia hivyo katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alipokwenda huku na huku akiuliza watu juu ya vita, wafalme na mto Nile. Afrika Mashariki lilisambaa kupitia darasani na vitabu vya kizungu.

Kabla ya hapo watu wa pwani hawakukosa neno. Walikuwa na habari, na walikuwa na tarehe.

Maandishi maarufu ya Kiarabu juu ya masultani wa Kilwa, ambayo nakala yake ilifika London kupitia kwa balozi John Kirk na sasa iko Maktaba ya Uingereza, yana neno akhbar katika jina lake, yaani habari nyingi. Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy alipoandika kwa Kiswahili juu ya watawala wa Usambara, kuanzia Mbegha mwindaji hadi mizozo ya warithi wake, kitabu chake kiliitwa Habari za Wakilindi. Lamu nayo ina maandishi yake yanayoitwa khabari. Hakuna aliyeona upungufu katika neno hilo. Habari ilikuwa na mtoaji na mpokeaji. Ukiisikia ungeweza kuuliza umeipata kwa nani.

Tarehe, neno jingine lililotoka Kiarabu, lilikuwa na maana pana kuliko leo: siku ya mwezi, kumbukumbu za miaka, na pia masimulizi ya watawala na miji. Kiarabu bado kinalitumia neno tarikh kwa siku ya mwezi na kwa historia yote. Katika Kiswahili, historia ilipoingia, maneno haya mawili ya zamani yalipunguziwa kazi. Habari ikawa salamu ya asubuhi na bidhaa ya magazeti. Tarehe ikabaki kwenye kalenda na juu ya barua. Kilichopotea hapo si kidogo, kwa sababu historia ya darasani haimuonyeshi msimulizi. Inasomwa kama vile imejiandika yenyewe.

Majirani na maneno yao

Ukivuka mipaka ya Jumuiya unakuta kila lugha imeliona jambo hili kutoka upande wake. Kinyarwanda kinasema amateka. Umbo la umoja, iteka, ndilo linaloandikwa juu ya amri za mkuu wa nchi katika Gazeti la Serikali: Iteka rya Perezida. Mrundi aliyezoea Kirundi chake akivuka mto Akanyaru anaelewa karibu kila kitu anachoambiwa, lakini neno hili linaweza kumpa kazi. Kwake historia ni kahise, yaani kilichopita, na agateka, neno linalofanana na lile la Rwanda, ni heshima na haki. Agateka ka zina muntu ndizo haki za binadamu. Amri, historia na haki zimekaa jirani katika lugha mbili ambazo ni ndugu.

Rwanda inajua neno hilo linaweza kufanya nini. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ufundishaji wa historia ya taifa shuleni ulisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa sababu somo lililokuwa likifundishwa kabla ya hapo lilikuwa limesaidia kuwagawa watoto kwa makabila. Kulikuwa na vipindi vya hesabu na vya lugha, lakini kipindi cha amateka kilisubiri watu wazima wakubaliane nini kisemwe.

Waganda wana ebyafaayo, neno ambalo ndani yake linasikika kitenzi cha kufa, na wana desturi ndefu ya kuyaandika mambo hayo. Katikiro Apolo Kaggwa alichapisha kitabu chake cha wafalme wa Buganda kwa Luganda mwaka 1901, wakati sehemu kubwa ya ukanda huu ilikuwa bado haijaona mashine ya kupiga chapa. Tanzania kwa upande wake imeanza kufundisha somo la lazima liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, katika mtaala mpya wa 2023. Jina hilo linaleta swali ambalo walimu watalijibu darasani kwa miaka mingi: maadili yanatoka ndani ya historia, au yanatangulia kuichuja?

Congo ndiko Kiswahili kilikopata neno linalofaa kuazimwa na wengine. Katika Lubumbashi ya miaka ya 1970, wachoraji waliouza picha zao kwa familia za wafanyakazi wa migodini walikuwa na aina ya picha waliyoiita ukumbusho. Ilikuwa picha ya kutundika sebuleni: askari wa kikoloni anapiga kiboko, Lumumba amefungwa kamba, mji unaungua. Mgeni akiingia na kuuliza, mwenye nyumba anaanza kusimulia. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora karibu picha 100 za historia ya nchi yake mwaka 1973 na 1974, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga kwa mtafiti Johannes Fabian. Alijihesabu kuwa mwanahistoria, si fundi wa rangi tu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alikoishia.

Mji huohuo ulikuwa umeshatoa kitabu cha ajabu mwaka 1965. Kiliandikwa kwa Kiswahili na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, wale walioitwa maboi. Jina lake la Kifaransa linamaanisha msamiati wa mji wa Elisabethville, lakini ndani si msamiati. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni.

Ya mdomo na ya karatasi

Maboi wa Elisabethville waliandika wakati ambapo vyuo vikubwa vya Ulaya vilikuwa bado vinabishana kama Mwafrika ana historia. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alidai hadharani kwamba katika Afrika kuna historia ya Wazungu tu na kilichobaki ni giza. Hoja ya watu wa aina yake ilikuwa rahisi: pasipo maandishi hapana historia.

Jibu zito lilitoka ukanda huu. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti katika Congo, Rwanda na Burundi, alichapisha mwaka 1961 kitabu kilichoeleza namna ya kupima masimulizi ya mdomo: nani alisimulia, alirithi kwa nani, alikuwa na faida gani katika kusimulia hivyo, na wengine wanasemaje. Bethwell Ogot, mtoto wa Nyanza aliyesoma Makerere kabla ya kwenda Uingereza, alitumia masimulizi ya wazee kuandika historia ya Waluo wa kusini, iliyochapishwa 1967. Baadaye aliongoza kamati ya kimataifa ya UNESCO iliyosimamia Historia Kuu ya Afrika, kazi ya juzuu nane. Ogot alifariki Januari 2025. Dar es Salaam nako, wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa vijijini mwaka 1968 kuwauliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji wakati bado wapo wa kuulizwa.

Wasomi hao walikuwa, kwa namna fulani, wakiirudishia habari cheo chake. Walishinda vyuoni. Kwenye meza ya ofisa wa serikali karatasi iliendelea kutawala.

Kesi ya wapiganaji na wafungwa wa zamani wa Mau Mau inaonyesha jinsi meza hiyo ilivyo ngumu. Kwa nusu karne, wazee wa Kenya walisimulia waliyofanyiwa kambini katika miaka ya 1950. Walipofungua kesi London mwaka 2009, serikali ya Uingereza ilijitetea, pamoja na mengine, kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Mwaka 2011 ikabainika kwamba serikali hiyohiyo ilikuwa imehifadhi Hanslope Park, kaskazini mwa London, maelfu ya mafaili yaliyohamishwa kutoka makoloni 37 wakati wa uhuru, yakiwemo ya Kenya, na ambayo hayakuwa yamewekwa wazi kwa umma. Makaratasi yale yaliunga mkono mengi ambayo wazee walikuwa wameyasema miaka yote. Juni 2013 Uingereza ilitangaza majuto na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Wengi wa waliosimulia hawakuwepo kuyapokea. Ushahidi wao haukuwa umeongezeka wala kupungua tangu siku ya kwanza. Kilichoongezeka ni sahihi ya ofisa wa kikoloni chini ya ukurasa.

Tarehe inapoamua

Kamusi za leo zinaweza kusema kwamba tarehe si historia tena, lakini sheria za uraia za Afrika Mashariki hazijapata taarifa hiyo. Ndani yake historia yote ya ukoo wa mtu hubanwa hadi ibaki siku moja ya mwezi.

Uganda imeichagua Februari 1, 1926, siku inayohusishwa na kutulia kwa mpaka wa kikoloni kati yake na Kenya. Katiba ya 1995 inasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mzazi au babu yake alitoka katika jamii za asili zilizokuwepo ndani ya mipaka siku hiyo, na jamii hizo zimeorodheshwa mwishoni mwa Katiba. Mwanzo zilikuwa 56; mwaka 2005 zikafika 65. Wanyarwanda wamo. Wamaragoli wa Kiryandongo, ambao wazee wao walihama kutoka magharibi mwa Kenya, wamekuwa wakiomba waingizwe. Kwao historia ni mstari mmoja katika orodha.

Congo imebadilisha tarehe yake zaidi ya mara moja, na kila badiliko limegusa watu walewale wa Kivu. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya Januari 1, 1950. Sheria ya 1981 ikageuza: ikataka asili ya mtu ifike Agosti 1, 1885, mwaka Mfalme Leopold alipoanzisha dola lake. Mkulima wa Masisi aliyelala raia akaamka akitakiwa kuthibitisha alikokuwa babu wa babu yake, zama ambazo hakuna aliyekuwa akitoa cheti. Mashaka hayo juu ya uraia yalikuwa moja ya mambo yaliyoweka kuni chini ya vita vya miaka ya 1990. Sheria ya 2004 imeivuta tarehe hadi uhuru wa 1960, lakini swali la nani alifika lini bado linaulizwa kwa mtutu wa bunduki mashariki mwa nchi.

Si kila mtu anataka kuulizwa. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wamebebeshwa mwaka huo kama jina. Wanaitwa wakimbizi wa 1972. Katikati ya miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi nao na kukuta kwamba katika makazi ya Mishamo watu walizungumza historia yao karibu kila siku, kama hati ya kurudia nchi. Wenzao waliojipenyeza katika mji wa Kigoma walifanya kinyume. Walioa na kuolewa humo, wakafanya biashara, na hawakutaka kutambulishwa kwa yaliyowakimbiza. Mwaka 2014 Tanzania ilipotoa uraia kwa takriban watu 162,000 wa kundi la 1972, wengi wao walikuwa wamezaliwa hapohapo Tanzania, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazazi.

Kenya imeweka Desemba 12, 1963, siku ya uhuru. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua nafasi kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa wakiishi Kenya mfululizo tangu siku hiyo, pamoja na watoto wao. Ilionekana ni sheria ya huruma, na kwa kiasi ilikuwa. Ugumu ulikuwa kwenye kuthibitisha. Mvuvi aliyevuka kutoka kisiwa cha Pemba kwa ngalawa akifuata samaki hakuwa na tiketi. Mmakonde aliyeletwa kukata mkonge alikuwa na jina katika daftari la shamba, na shamba lenyewe huenda lilishafungwa.

Kwa Wapemba wa Kilifi na Kwale jambo hili lina uchungu wa aina yake. Mwambao wa Kenya, ukanda wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya usimamizi wa Uingereza hadi 1963. Aliyehama Pemba kwenda Kilifi miaka ya 1940 alikuwa bado ndani ya milki ya sultani yuleyule. Hakuvuka mpaka, mpaka ndio ulimkuta. Na aliyekimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 alikuwa amechelewa tarehe ya sheria kwa mwezi mmoja kamili, ingawa alitua kwenye pwani ileile, kwa ndugu walewale.

Bila kitambulisho, mvuvi hapati leseni ya uvuvi, hasajili laini ya simu wala hafungui akaunti. Mtoto anafika mtihani wa taifa akiwa hana cheti cha kuzaliwa. Watu walizoea kujificha au kuazima majina ya jirani Mgiriama au Mbajuni.

Waliotangulia kutoka gizani ni Wamakonde. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 12, 2020 ikawa zamu ya Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe wakieneza dini, pamoja na baadhi ya watu wenye asili ya Rwanda. Julai 2023, mbele ya Rais William Ruto huko Kilifi, Wapemba takriban 7,000 nao wakatambuliwa.

Nafasi iliyofunguliwa na sheria ya 2011 ilikuwa ya miaka mitano, ikaongezwa mitatu, ikafungwa Agosti 2019. Wapemba kwa hiyo walipita kwa uamuzi wa serikali, baada ya maombi bungeni, mashirika ya haki na wazee wao kusimulia upya, kikao baada ya kikao, nani alitua ufukwe gani na kwa chombo cha nani. Bado wapo Kenya watu ambao wazee wao walitoka Rwanda, Burundi na Congo kufanya kazi katika mashamba ya chai, miwa na mkonge, na ambao hawajaitwa Kilifi wala Ikulu. Wanapofika kwa chifu kuomba kitambulisho huulizwa historia yao, na wanayo. Wanaweza kutaja shamba, msimamizi, mwaka wa njaa na jina la mkunga. Chifu huandika jina na namba ya simu ya jirani, kisha anauliza kama kuna karatasi yoyote ya kabla ya 1963.